Wakili wa Mpunga

Habibu alipitisha trekta juu ya zabibu zangu, na kijiji kizima kikasema amefanya vizuri. Walisema hivyo kwa sababu ya katuni. Najua inavyosikika. Mtu angekuja kunieleza mimi habari kama hiyo ningemwambia akalale kwanza. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na nitaieleza yote, kwa sababu wapo wanaoieleza nusu, na nusu wanayoieleza ni ile inayonifanya mimi nionekane mchoyo.

Kijiji chetu kiko upande wa Hombolo, karibu na bwawa. Tunalima uwele, mtama na alizeti, na wenye mashamba karibu na maji tunalima zabibu. Shamba langu liko kati ya bwawa na nyumba za juu. Barabara ya trekta inalizunguka kwa upande wa mashariki. Barabara hiyo niliiacha mimi. Nilipopanda mizabibu nilikata kipande cha ardhi yangu mwenyewe, nikang'oa visiki, nikasema tokeni huku, piteni huku, ili kesho na keshokutwa mtu asipate sababu ya kupita katikati.

Sasa hiyo katuni. Msafiri ni Mrangi wa Kondoa aliyehamia kwetu zamani, ana duka, na nyuma ya duka ana banda la kuonyesha video. Siku za mpira panajaa. Siku nyingine anaweka filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo kijana fulani huko mjini anazungumza juu ya picha kwa Kiswahili na kumpa kila mtu jina analolitaka yeye. Mwaka huu, mvua zilipokatika, alileta katuni ya Kijapani yenye sehemu nyingi. Kuna jitu la chuma, refu kuliko mnara wa simu, na ndani ya kifua chake amekaa mvulana anayeliendesha. Akinyoosha mkono, na jitu linanyoosha. Mtafsiri alimwita mvulana huyo Dogo. Kila sehemu madude fulani yanatoka baharini kuja kubomoa mji wa kina Dogo, na kila sehemu Dogo anaingia ndani ya jitu kwenda kuyapiga.

Sikutegemea kuipenda. Niliipenda. Jumapili tukitoka ibadani nilikuwa napitiliza bandani na nguo zangu za kanisa, na mke wangu akajua chakula kitapoa. Hatukuwa watoto pale. Tulikuwa watu wazima, wenye wake na waume na madeni, na tulibishana kuhusu lile jitu kuliko tulivyowahi kubishana kuhusu uchaguzi.

Mwalimu Brightness wa shule yetu alisema hadithi ile haihusu vita hata kidogo, inahusu mtoto ambaye baba yake hampendi, na chuma chote kile ni shati la kujifichia. Batuli, mke wa Msafiri, yeye alikuwa anauza chai mlangoni na kutazama kwa jicho moja. Alisema tangu sehemu ya kwanza hajamwona Dogo akila chakula cha maana, sasa mtoto anatumwa vitani na njaa, na halafu watu wanashangaa analia. Msafiri alisema Wajapani wale wanauza midoli, hakuna kingine, na yeye angeipata hiyo midoli angeiuza pia. Habibu hakuwa na maneno mengi. Ni dereva wa trekta ya kikundi chetu cha wakulima, kijana wa miaka kama thelathini, na alikaa mbele kabisa. Jitu likigeuka, mabega yake yanageuka.

Halafu ikaja ile sehemu ya mpunga.

Dude limetoka baharini, linaelekea mjini. Jitu linatimua mbio kuliwahi, na linakata katikati ya majaruba ya mpunga. Picha inakuja chini mara moja. Yuko bibi kizee na kofia ya majani, amesimama kwenye tope na fungu la miche mkononi. Mguu unashuka nyuma yake. Kisha unamwona ameinama anaokota miche iliyomo ndani ya alama ya unyayo, na maji yanaanza kujaa humo kama kisima. Basi, picha ikarudi kwenye ngumi, na banda zima lilikuwa linapiga makofi.

Nilimwambia Msafiri arudishe nyuma. Akarudisha, akidhani nataka kuona ngumi tena. Nikamwambia asimamishe pale pale. Nikainuka, nikaenda hadi kwenye runinga nikawaonyesha kwa kidole. Kushoto mwa majaruba palikuwa na barabara ya lami, pana, haina mtu, maana watu wote walikuwa wameshahamishwa. Nikauliza kwa nini Dogo hakupita pale.

Habibu alisema ukiwa juu namna ile, chini huoni. Nikamjibu kama huoni chini basi usiendeshe. Wakacheka, na mimi nikacheka. Ndipo Nathanaeli akakohoa. Nathanaeli ni mwenyekiti wa kitongoji chetu, mzee wa kanisa, mtu anayependa kuwa wa mwisho kusema. Akasema jambo ambalo kila mtu kwetu analijua: mkimbilia yowe haulizwi njia.

Hiyo ni sheria yetu ya tangu na tangu. Fisi akiingia zizini, nyumba ikiungua, mtoto akipotea, linapigwa yowe. Ukilisikia unakimbia. Usipokimbia utatozwa, na siku yako ikifika hutakimbiliwa. Na ukiwa unakimbia, ukikanyaga mtama wa mtu, ukivunja ua wa mtu, hakuna anayekudai. Sheria nzuri. Baba yangu aliishi kwayo na mimi nimekimbilia mayowe tangu nina meno ya utoto.

Lakini nilimwambia Nathanaeli, mbele ya wote, kwamba sheria ile ilitungwa kwa miguu ya watu. Mtu akikanyaga mtama wako amekunja mashina matano, kesho yanasimama. Jitu likikanyaga, shamba limekwisha. Anayekimbia na mguu wa namna ile lazima aangalie njia. Batuli akasema bibi asijali, jitu ni la serikali, atalipwa fidia. Hapo banda lilivunjika mbavu, maana wapo watu pale wanaosubiri fidia ya barabara mpaka wajukuu wameota ndevu.

Habibu akageuka akaniambia, "Mzee, wewe hata mpunga hulimi. Nani amekupa uwakili?"

Kuanzia siku hiyo nikawa Wakili wa Mpunga. Watoto bombani waliniamkia, shikamoo Wakili. Nilikuwa nacheka. Mtu akikutania maana yake anakuona. Lakini nilikuwa sibadilishi maneno yangu, na wao hawakubadilisha yao, na kila Jumapili tulirudi kwenye bibi yule yule hata kama sehemu ya siku hiyo haikuwa na shamba. Mimi peke yangu upande mmoja. Wao wote upande wa jitu.

Upepo wa mwezi wa nane huku kwetu haumbembelezi mtu. Alasiri moja mtu alichoma majani shambani kwake, na hadi leo mtu huyo hajajitaja. Moto ukaruka, ukashika nyasi kavu, ukaenda moja kwa moja kwa dada yangu Emilia.

Emilia ni mkubwa wangu. Mama yetu alifariki nikiwa sijamaliza hata darasa la nne, na yeye ndiye aliyenipikia, akanifulia, akanichapa, mpaka nikaoa. Sasa ni mjane, anakaa peke yake nyumba za juu na mbuzi wachache na kihenge cha uwele. Niliposikia yowe linatoka kule nilitupa mkasi wa kupogolea nikakimbia. Nilikatiza shambani kwa Nathanaeli, nikakatiza kwa watu wengine, sikuangalia njia. Kwa miguu yangu miwili.

Tulikuwa wengi. Tulipiga moto kwa matawi, wanawake wakamwaga mchanga, Msafiri alivua shati akalipigia. Ua wa zizi uliungua wote. Paa la kihenge liliungua upande mmoja, tukaliangusha chini tukalikanyaga. Kisha moto ukafika uani, na Emilia ni mtu anayefagia uwanja wake mpaka udongo unang'aa. Ukakosa cha kula. Ukafa. Nasema ulikufa kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo, nyusi zangu zimeungua, na nilikuwa nimeshaegemea tawi langu na kuomba maji ya kunywa.

Ndipo tukasikia trekta.

Niligeuka kutazama barabarani, sikuiona. Ilikuwa inatokea upande mwingine. Ilikuwa inapanda moja kwa moja kutoka bwawani, inavuta tanki la maji, na nyuma ya tanki waya ulikuwa unaburuzwa, na kwenye waya kulikuwa na nguzo inarukaruka. Nguzo yangu. Habibu alikuwa anaendesha amesimama. Akaingia uani, akafungulia maji juu ya majivu, na majivu yakatoa mvuke mkubwa mweupe ukapanda juu. Watu wakapiga kelele za furaha. Watoto wakaanza kuimba jitu, jitu, jitu. Na Habibu akainua mikono yote miwili juu, vile vile kama Dogo anavyofanya akishinda.

Kwenye gurudumu la tanki palikuwa na kichala cha zabibu kimeganda kama tope.

Niliteremka shambani. Alikuwa ameingia kwa chini na kutokea kwa juu, mshazari, ili akate mistari mingi kadiri inavyowezekana, ingawa najua hakukusudia hilo. Waya unaobeba mizabibu uliponaswa na tanki haukuvunjika mahali pamoja. Uling'oa nguzo na mizabibu pamoja, mstari baada ya mstari, mpaka mizizi ikaangalia juu. Zabibu zilikuwa zimeshaanza kugeuka rangi. Wanunuzi wangekuja baada ya muda mfupi. Na ile barabara yangu ya mashariki ilikuwa pale, nyeupe, kavu, haina hata alama ya tairi.

Jioni ile nilimfuata Habibu nyumbani kwake. Alikuwa anaosha miguu.

"Mzee wangu, kulikuwa na moto," aliniambia kabla sijasalimia.

"Barabara ilikuwepo."

"Ni mbali. Ningechelewa."

"Ulichelewa."

Akaacha kuosha miguu. Nilidhani atasema pole. Neno moja tu hilo, na wallahi, kama wasemavyo kina Msafiri, pengine ningerudi nyumbani nikalala. Akasema watu wote waliona alivyouzima moto, kama mimi sikuona basi niwaulize.

Nikawauliza. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika kweli. Watu niliosimama nao bega kwa bega, nikipiga moto ule ule, kila mmoja alikuwa ameona moto wake. Mmoja alisema ndimi zilikuwa zimefika kwenye bati la nyumba. Mwingine alisema paa la kihenge lilikuwa bado linawaka, na ni yeye aliyelikanyaga pamoja nami. Msafiri alisema kulikuwa na moshi, na penye moshi pana moto. Hawakuwa wanadanganya, nadhani. Walikuwa wameona trekta ikitokea ndani ya moshi, dereva amesimama, na baada ya hapo hawakukumbuka kitu kingine. Mtu mmoja, simtaji, aliniambia ilikuwa sawasawa na sehemu ya nane ya katuni.

Nikapeleka malalamiko kwa Nathanaeli. Sikudai fedha. Nilitaka vitu viwili. Kikundi kinisaidie kusimamisha nguzo na kupanda upya, na Habibu aseme mbele ya watu kwamba barabara ilikuwepo. Nathanaeli akaitisha kikao kwenye kibaraza cha shule.

Siku moja kabla ya kikao nilikwenda kwa Emilia. Alikuwa anaezeka upya kihenge. Nilimuuliza trekta ilipofika, moto ulikuwa hai au umekufa. Hakuniangalia mara moja. Alifunga kamba yake, akaikaza kwa meno, akashuka.

"Ulikuwa umezimika, mdogo wangu. Najua, na wewe unajua. Lakini kesho sitasema hivyo. Mimi nakaa huku juu peke yangu. Nikimwambia Habibu alikuja bure, siku nyingine nikipiga yowe ataniletea maji nani? Wewe una mkono wa kubeba tanki?"

Nilimwambia nitaaibika. Akasema aibu haiunguzi nyumba. Nikaondoka. Njia nzima nilijiambia hatafanya. Atafika pale, ataniona nimesimama, atakumbuka ni nani aliyenilea.

Kikao kilijaa kuliko siku ya mpira. Nathanaeli alifungua kwa sala, kisha akasema tena ile sheria ya yowe, taratibu, kama anamfundisha mgeni. Nikasema tena kwamba ilitungwa kwa miguu. Na wallahi tena, hawakuzungumza habari za shamba langu. Walianza upya ule ubishi wa bandani. Habibu alijitetea kwa kusema hata Dogo hakudaiwa na mtu, na kama angezunguka kwa barabara mji ungebomolewa. Mwingine akasema si kweli, kuna sehemu alizunguka. Mwalimu Brightness akasimama akasema lile jitu si mfano wa kufuata, waandishi wenyewe wanaonyesha linavyomharibu mtoto, na Habibu akamwambia mwalimu, kwa heshima zote, hakuielewa. Batuli akasema kama kikundi hakitaki kusimamisha nguzo, basi kiseme hakitaki, kiache kumsingizia Mjapani. Huyo ndiye peke yake aliyesema neno la maana, na walimcheka.

Nikasema, "Mnamzungumzia Dogo. Bibi je? Mlimuuliza?"

"Bibi ni mchoro, Wakili," mtu akajibu kutoka nyuma, na kibaraza kizima kikaangua kicheko.

"Mimi si mchoro," nikasema. Wakaendelea kucheka.

Ndipo Nathanaeli akamwita Emilia. Dada yangu alisimama na khanga yake begani, akatazama ukuta juu ya vichwa vya watu. Akasema moto ulikuwa hai. Akasema ulikuwa umeshafika mlangoni, na kama si Habibu leo angekuwa analala nje. Alisema vizuri, bila kukwama, na watu wakaitikia kama kanisani.

Kuna hasira inayokuja polepole, unaiona, unaweza kukaa pembeni ikapita. Ile haikuwa hiyo. Nilisimama nikamwelekeza kidole dada yangu, mkubwa wangu, aliyenilea, na nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Ningejua, ningekaa shambani kwangu nikaiacha nyumba yako iungue."

Hakuna aliyecheka. Kwetu neno hilo halisemwi. Unaweza kumtukana mtu, unaweza kumpiga mtu, lakini kumwambia mtu hutalikimbilia yowe lake ni kumwambia umeshamzika. Emilia aliketi chini, palepale, kwenye saruji, kama aliyekatwa miguu.

"Baba Anitha," Batuli aliniambia polepole, "rudisha hilo neno."

Sikulirudisha. Ningeweza. Walikuwa wananingoja, hata Habibu alikuwa ananingoja, nilimwona usoni. Nilichukua kofia yangu nikatoka. Nathanaeli aliamua bila mimi kuwepo. Hakuna wa kudaiwa, sheria ya yowe ni ileile, na aliyetamka lile neno aende kwa dada yake akaombe radhi kabla mvua hazijaanza.

Mvua zimeanza. Sikwenda. Msafiri alikuja siku moja na nyundo na misumari, akasema amekuja kama yeye, si kama kikundi, na kwamba zimebaki sehemu chache za katuni na watu wanauliza Wakili yuko wapi. Nilimwambia aache misumari na aende. Akaondoka na misumari yake.

Bado nasema barabara ilikuwepo. Nitasema hivyo hata mkinifukia. Niko sahihi, na hesabu ya kuwa sahihi ni hii.

Mistari sita ya mizabibu. Nguzo ishirini na mbili, ambazo tisa tu zilifaa kutumika tena. Mavuno yote ya mistari hiyo kwa mwaka huu, na ya mwaka kesho, na ya mwaka wa pili, maana mche mpya hauzai kesho. Rafiki mmoja Mrangi. Jumapili zangu. Yowe langu, kwa kuwa sijui kama nikilipiga sasa atakuja mtu. Na dada mmoja. Mama yetu alizaa wawili tu.